Je, Wajua? Kwa Nini Bata wa Mbao Anaweza Kuuzwa kwa Zaidi ya Dola Milioni Moja

Mwaka 2007, bata wawili wa mbao walinunuliwa nchini Marekani kwa dola milioni 1.13 kila mmoja. Mmoja alikuwa dume mwenye mkia mrefu uliochongoka, amegeuza shingo anajichambua manyoya. Bata wa jamii hiyohiyo huja mpaka maziwa ya Bonde la Ufa wakikimbia baridi ya Ulaya na Asia. Mwenzake alikuwa bata bukini wa Kanada. Wote wawili walichongwa na mtu mmoja, Elmer Crowell wa East Harwich, Massachusetts, aliyezaliwa 1862 na kufariki 1952. Kazi waliyochongewa ilikuwa kuelea majini na kuwahadaa bata walio hai, washuke karibu na bunduki.

Chombo cha mwindaji, kitu cha kutupwa ndani ya gunia kikiwa bado kinachuruzika maji, kilifikaje kwenye bei hiyo? Jibu linaanzia kwa bata mwenyewe na namna anavyoamua pa kutua.

Bata mwitu ni ndege wa kundi. Akiwa juu hana hakika kama maji anayoyaona yana chakula au yana hatari, kwa hiyo huwatazama wenzake. Akiona wengine wanakula na wengine wamelala, mdomo umefichwa mgongoni, huamini kwamba mahali pale ni salama. Tena bata hutua akiukabili upepo. Wawindaji waliyajua haya yote, wakawapanga bata wao wa mbao na kuacha uwazi katikati, ili wageni waone nafasi ya kushukia, na uwazi huo ulikuwa mbele kabisa ya maficho yao. Wengine walisimamisha pembeni korongo au shakwe wa mbao, ingawa wenyewe hawakukusudia kuwinda ndege wa aina hizo. Korongo ni ndege mwangalifu mno. Bata akimwona amesimama bila wasiwasi, shaka humtoka.

Akili hii haina mwenyewe. Magharibi mwa Kenya watega kware huwaweka kware hai ndani ya vitundu vilivyotundikwa juu ya mti mrefu, wakalia na kuwaita wenzao kwenye mitego. Nchini Marekani, mwaka 1924 wanaakiolojia waliokuwa wakichimba ndani ya pango la Lovelock, jimbo la Nevada, walikuta bata 11 waliotengenezwa kwa matete, wamefunikwa vizuri katika shimo la akiba. Baadhi yao walikuwa wamepakwa rangi na kuvalishwa manyoya halisi meupe, na wamekadiriwa kuwa na umri wa miaka 2,000 hivi. Ukiwatazama unamtambua mara moja bata wanayemwigiza, yule mwenye kichwa chekundu na paji lililoteremka moja kwa moja hadi mdomoni. Wapaiute, wenyeji wa asili wa eneo hilo, wameendelea kusuka bata wa matete hadi zama zetu.

Walowezi kutoka Ulaya waliikuta mbinu hiyo kwa wenyeji, wao wakatumia mbao. Lakini ilikuwa karne ya 19, baada ya reli na bunduki za kisasa za marisawa, ndipo uchongaji ulipopamba moto. Ghuba ya Chesapeake, kati ya Maryland na Virginia, ilikuwa kitovu chake. Sehemu ya juu ya ghuba, pale mto Susquehanna unapomwaga maji yake, kulikuwa na maji mafupi yenye nyasi aina ya Vallisneria, na bata yule mwenye kichwa chekundu alizipenda nyasi hizo hata jina lake la kisayansi, Aythya valisineria, likatokana nazo. Nyama yake ilisifiwa kuliko ya bata wote. Wawindaji wa biashara waliwapakia kwenye mapipa na kuwasafirisha kwa treni hadi hoteli za Baltimore, Philadelphia na New York.

Chombo chao kikuu cha kuwindia kilikuwa kisanduku mfano wa jeneza, kilichozamishwa mpaka ukingo wake ukalingana na maji, na mwindaji akalala chali ndani yake. Kukishusha kiasi hicho kulihitaji uzito, ndiyo maana bata kadhaa walitengenezwa kwa chuma na kukalishwa juu ya mbawa za kisanduku, yaani sehemu bapa zilizotandazwa pembeni mwake. Kukizunguka kulielea bata wa mbao kwa mamia. Sasa fikiria idadi ya bata waliohitajika kwa kila mwindaji, kila ghuba, kila msimu, na utaelewa kwa nini pwani nzima ya mashariki ilijaa wachongaji.

Hapa ndipo mimi naona uzuri wa jambo lenyewe ulipo. Hakuna aliyekaa akasema abuni mtindo. Maji ndiyo yaliyoamua. Kaskazini, jimbo la Maine, bahari huchafuka na ina mawimbi makubwa, hivyo bata wa huko ni wakubwa, wapana, wazito, hawapinduki kirahisi. New Jersey, kwenye ghuba ya Barnegat, wawindaji walitumia vimashua vidogo, kwa hiyo wachongaji walichimba mwerezi mweupe ndani na kuunganisha vipande viwili ili mzigo uwe mwepesi. Sehemu ya juu ya Chesapeake, ambako mamia walihitajika kwa mkupuo, bata ni mgumu asiyechimbwa, tumbo la mviringo, hana mapambo mengi. Mtoni Delaware ilikuwa hadithi nyingine kabisa. Huko mwindaji aliwaacha bata wake wa mbao peke yao, akajitenga upande wa juu wa mto, na bata hai walipotua ndipo aliposhuka nao polepole kwa mashua. Maana yake ni kwamba bata wa mbao walipaswa kuwadanganya wenzao kwa muda mrefu na kwa karibu sana. Basi bata wa Delaware wana ncha za mabawa zilizoinuliwa na manyoya ya mkia yaliyochorwa kwa kisu, moja baada ya jingine. Mkusanyaji mzoefu akimgeuza bata mkononi na kutazama tumbo lake, mara nyingi hutaja ghuba aliyotoka kabla hajataja mchongaji.

Na wachongaji wenyewe walikuwa watu wa kazi nyingine. Gus Wilson wa Maine alikuwa mlinzi wa mnara wa taa. Ndugu wawili Lem na Steve Ward, wa Crisfield, Maryland, walikuwa vinyozi. Madison Mitchell wa Havre de Grace aliendesha shughuli za mazishi. Shang Wheeler wa Connecticut alifuga chaza na akaingia kwenye siasa za jimbo lake. Harry Shourds wa Tuckerton, New Jersey, alichonga maelfu, na inasimuliwa kwamba aliweza kukimaliza kichwa cha bata akiwa kwenye kiti cha kinyozi ananyolewa ndevu. Familia ya Cobb, kwenye kisiwa chao cha Virginia, ilitumia mizizi ya miti iliyojikunja yenyewe kuwa vichwa, kwa kuwa mzizi hauvunjiki shingoni kama ubao uliokatwa kinyume na nyuzi zake. Nathan Cobb mdogo alikata herufi N chini ya bata wake, na leo herufi hiyo peke yake huongeza sana bei.

Elmer Crowell naye aliwahi kusimamia kambi ya uwindaji ya daktari tajiri, John C. Phillips, huko Massachusetts. Kazi yake ilikuwa pamoja na kuwatunza bata na bukini hai, maana wakati huo walifungwa majini wawaite wenzao wa porini. Mtu aliyewalisha ndege hao kila siku, akajua bukini anavyolaza shingo akiridhika na anavyoinyoosha akishtuka, hakuhitaji kufundishwa darasani. Alipaka rangi juu ya rangi kabla ya ile ya kwanza kukauka, zikachanganyika na kuwa laini kama manyoya. Simuoni kama fundi aliyebahatika kupandishwa cheo na matajiri. Alikuwa mchongaji mkubwa, na mahakimu wake wa kwanza walikuwa ndege: wakishuka amefaulu, wakipita ameshindwa.

Lakini uzuri huo ulitengenezwa kwa ajili ya mauaji makubwa, na ni lazima lisemwe waziwazi. Vitwitwi na sululu, jamaa za wale tunaowaona Mida Creek na Bagamoyo maji yakitoka, walichongwa wakasimamishwa juu ya vijiti ufukweni, na wenzao hai wakapigwa kwa makundi. Njiwa wasafiri, waliokuwa wakihesabiwa kwa mabilioni Amerika Kaskazini, waliisha kabisa. Wa mwisho, aliyeitwa Martha, alikufa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati mwaka 1914. Miaka minne baadaye, sheria ya mwaka 1918, iliyotokana na mkataba kati ya Marekani na Uingereza kwa niaba ya Kanada, ilipiga marufuku kuuza ndege wahamao waliowindwa. Mwaka 1935 visanduku vya kulalia pamoja na bata hai wa kuvutia vilipigwa marufuku pia.

Biashara ilipokufa, mahitaji ya mamia ya bata yalikufa nayo. Ndege wengi wa mbao waliishia kuwa kuni. Baada ya Vita Kuu ya Pili plastiki ikachukua nafasi, na mchongaji wa ghuba akawa hana mteja wa kumtengenezea chombo cha kazi.

Kwa bahati njema, mwaka uleule wa 1918, msanifu majengo wa New York aitwaye Joel Barber alianza kuwaokota ndege hao wa mbao na kuwatunza. Alizunguka kwenye mabanda ya mashua, akachora, akauliza nani alichonga nini. Mwaka 1923 maonyesho ya kwanza ya mashindano ya wachongaji yalifanyika Bellport, Long Island, na mwaka 1934 Barber alichapisha kitabu kilichowatazama ndege hawa kama kazi za sanaa. Hilo lilikuwa wazo geni. Mkusanyo wake ulinunuliwa na makumbusho ya Shelburne, jimbo la Vermont, yaliyoanzishwa mwaka 1947 na Electra Havemeyer Webb, mwanamke aliyependa vitu vya watu wa kawaida wakati jamaa zake walikusanya michoro ya Ulaya. Mwaka 1985 shirika la posta la Marekani lilitoa stempu nne zenye picha za bata wa mbao, na zikazinduliwa hukohuko Shelburne.

Siku hizi wanaonunua hutazama nini? Kwanza rangi. Mwindaji wa kawaida alipaka bata wake upya kila baada ya misimu michache, kwa hiyo bata mwenye rangi ya mkono wa mchongaji mwenyewe ni adimu kweli, na tofauti ya bei kati ya huyo na pacha wake aliyepakwa upya huwa kubwa mno. Pili, kichwa: je, ni cha asili, au kimebadilishwa? Shingo ndiyo huvunjika mara nyingi. Nyumba za mnada hupiga bata picha za eksirei ili kuona misumari na nyufa, na kummulika kwa miale ya urujuanimno ambayo huonyesha rangi mpya ikijitenga na ya zamani. Tatu, alama: muhuri wa moto wa Crowell wenye umbo la yai, herufi za mwenye bata, kipande cha madini ya risasi kilichopigiliwa tumboni ili asipinduke. Matundu ya marisawa hayamshushi sana thamani, kwa sababu yanathibitisha kwamba kweli alikwenda kazini. Waghushi wanalijua hilo pia, ndiyo maana tundu jipya kwenye mbao iliyozeeshwa kwa chai au moshi limewaponza wengi.

Si lazima uwe milionea. Kiwanda cha Mason cha Detroit, kilichofanya kazi kati ya 1896 na 1924, kilitoa bata wengi sana kwa viwango tofauti vya ubora, na wale wa daraja la chini waliochakaa hupatikana kwa dola mia chache. Akikufikia wa namna hiyo, kwa kununua au kwa urithi, usimsugue kwa sabuni wala kumpaka mafuta ya kung'arisha. Mfute vumbi kwa brashi laini, muweke mbali na jua na moto, kisha umwonyeshe mtu anayewajua kabla hujagusa kitu kingine.