Je, wajua kwa nini sonata moja ya Beethoven ina nota tofauti kwenye vitabu tofauti?

Chukua watu wawili wanaopiga piano, wape sonata ile ile (sonata ni kazi ya muziki yenye sehemu kadhaa), tuseme ile Moonlight ambayo hata asiyepiga piano ameshaisikia mahali, ila kila mmoja awe na kitabu chake. Hazipiti dakika tano wameshaanza kubishana. Mmoja kitabu kinamwambia akanyage pedali na kuiachia kila kipimo (kile kipande kifupi cha muziki kati ya mistari miwili ya wima), mwenzie hana alama hata moja ya pedali, ana sentensi tu ya Kiitaliano pale juu. Ule mstari uliopinda unaosema nota ziunganishwe, kwa huyu unaishia hapa, kwa yule unapitiliza mpaka kipimo kinachofuata. Namba za vidole ndo usiseme kabisa. Na majalada yote mawili yameandikwa Beethoven.

Sasa nani kati yao ana sonata ya Beethoven yenyewe?

Kitu ambacho wengi hatuambiwi tunapoanza kujifunza ni kwamba kati ya kalamu ya Beethoven na hiyo karatasi iliyoko mbele yako wamepita watu wengi, na karibu kila mmoja ameacha alama yake. Kuna aliyenakili, kuna aliyechonga, kuna mhariri wa miaka 70 baadaye, kuna na mhariri mwingine aliyekuja kumrekebisha huyo mhariri. Ukishalijua hilo unaanza kusoma nota kwa jicho lingine.

Tuanze na mchongaji maana hapo ndo makosa mengi yalipozaliwa. Enzi hizo nota zilichongwa kwenye bamba la madini laini, kila kichwa cha nota kinagongwa kwa nyundo na kipande cha chuma chenye umbo lake, mistari inakwaruzwa kwa mkono, na kazi yote inafanywa kinyumenyume kama unavyoona maandishi kwenye kioo, ili ikipigwa chapa itoke sawa. Fikiria unafanya hivyo huku unasoma mwandiko wa Beethoven, mwandiko wa haraka, umejaa mikato na masahihisho, hujui kama kile alichoweka juu ya nota ni nukta au ni kimstari, na huo mstari uliopinda umeanzia nota ya kwanza au ya pili. Unakisia unasonga mbele. Afu bamba likishakamilika, ule mswada wa mkono ulionekana umemaliza kazi yake, na mingi ikapotea. Mswada wa sonata yake kubwa kuliko zote, Hammerklavier, Opus 106 (opus ni namba ya kazi ya mtunzi), mpaka leo haupo.

Na saa ingine mchapishaji hakukosea kwa bahati mbaya, aliamua tu kumsaidia mtunzi. Mwaka 1803 mchapishaji Nägeli wa Zürich alitoa sonata mbili za kwanza za Opus 31. Mwanafunzi wa Beethoven, Ferdinand Ries, alikuja kusimulia baadaye kilichotokea karatasi zilipofika. Beethoven alikuwa mezani anaandika, akamwambia Ries azipige zote asikilize. Makosa yalikuwa mengi, mzee anaanza kukosa uvumilivu. Ries akafika karibu na mwisho wa sehemu ya kwanza ya ile sonata ya G, akapiga vipimo vinne ambavyo Beethoven hakuviandika popote, Nägeli ndo kavitunga na kuvipachika humo. Beethoven aliruka kutoka kwenye kiti, akamkimbilia, akamsukuma kutoka kwenye piano huku akifoka hivyo vitu vimeandikwa wapi! Ikabidi wakae waorodheshe makosa yote, orodha ikapelekwa kwa Simrock kule Bonn achapishe upya, na toleo hilo likapewa maneno ya Kifaransa yenye maana ya "toleo sahihi sana". Mimi kisa hiki huwa kinaniuma kweli, maana yule mtu alikuwa hai, anapatikana kwa barua, na bado wakamwongezea muziki.

Ila tusimlaumu mchapishaji kila mahali, manake kuna wakati mtunzi mwenyewe ndo alikuwa anabadilisha. Hiyo Hammerklavier ilitoka mwaka 1819 Vienna na London. Ries wakati huo yuko London anasimamia upande ule, sonata ameshaipokea, sonata ndefu ajabu, afu inamfikia barua kutoka kwa mwalimu wake: mwanzoni mwa ile sehemu ya polepole ongeza nota mbili. Mbili tu, A na C shapu (shapu ni alama ya kuipandisha nota kidogo). Ries alikiri kwamba alijiuliza kama mzee wake yuko sawa kichwani, kazi kubwa namna hiyo imeisha zamani leo unatuma nota mbili! Akazipiga, akaelewa. Ukiwa na piano karibu jaribu mwenyewe, anza Adagio, yaani hiyo sehemu ya polepole, bila hizo nota mbili, halafu anza nazo, polepole, moja, mbili, ndipo ile akodi (nota kadhaa kwa pamoja) iingie, utaona ni kama mtu amepanda ngazi mbili kabla ya kufungua mlango wa chumba chenye giza. Na toleo la London lenyewe lilitoka limegawanywa mara mbili, sehemu zimepangwa tofauti na za Vienna, Beethoven mwenyewe alikuwa amemruhusu Ries kufanya hivyo. Humo humo ndani kuna ugomvi mwingine ambao haujaisha mpaka leo, kwenye vipimo vya 224 hadi 226 vya sehemu ya kwanza, je ile A ipigwe na shapu yake au Beethoven alisahau kuweka alama ya kuifuta? Matoleo ya mwanzo hayana hiyo alama, mswada haupo, kwa hiyo kila mhariri anachagua upande wake, na wapigaji wakubwa nao wamegawanyika.

Karne ya 19 ikaja na tabia nyingine. Wapiga piano maarufu walianza kutoa matoleo yao, Liszt alitoa, Hans von Bülow alitoa, na lengo lilikuwa kumfundisha mnunuzi apigeje: nguvu hapa, punguza mwendo pale, pedali, vidole, maelezo chini ya ukurasa. Mengine ni mafunzo ya thamani sana. Shida ni pale mchango wa mhariri unapochapishwa kwa wino ule ule na ukubwa ule ule kama wa mtunzi, hakuna cha kukuonyesha nani kasema nini, unajikuta unamtii Bülow ukidhani unamtii Beethoven. Mfano mzuri ni Opus 10 namba 3. Piano aliyoandikia Beethoven miaka hiyo ya 1790 iliishia F kule juu. Kwenye kipimo cha 22 mkono wa kulia unapanda kwa oktava (nota ile ile ya chini na ya juu yake), unafika F shapu ya juu na kinanda kimeisha, kwa hiyo aliandika ile ya chini peke yake. Wahariri wa baadaye wakaona piano zetu zina hiyo nota, wakaijaza kimya kimya. Inawezekana kabisa angeipenda, mimi mwenyewe naipiga, lakini nataka kitabu kiniambie kwamba hiyo imeongezwa.

Hapo ndo likaja wazo la Urtext, neno la Kijerumani, yaani matini ya asili. Chuo cha sanaa cha kifalme kule Berlin kilianza kutoa matoleo ya namna hiyo miaka ya 1890, na mwaka 1948 Günter Henle akaanzisha kampuni yake, vile vitabu vya jalada la bluu ambavyo wapiga piano wanavijua kwa mbali. Mhariri wa Urtext anakusanya mswada kama upo, nakala, toleo la kwanza, barua, analinganisha nota kwa nota, anachoongeza anakiweka kwenye mabano, na kwenye maelezo anasema kwa nini kachagua hivi. Ila na yeye anachagua! Ndo maana Urtext mbili za sonata moja zinaweza kutofautiana, na neno hilo kwenye jalada halimaanishi Beethoven kashuka kusaini.

Turudi kwa wale wawili na Moonlight yao. Ile sentensi ya Kiitaliano inasema kipande chote kipigwe kwa ulaini mkubwa na "senza sordino", yaani vile vizuia sauti vya kinanda viinuliwe, ambavyo kwetu maana yake ni pedali chini muda wote. Kwenye piano ya 1802 sauti ilififia haraka, ukifanya hivyo ilikuwa kama ukungu mwepesi. Piano ya leo inalia muda mrefu, ukikanyaga mwanzo mpaka mwisho inageuka uji, ndo maana wahariri wakaweka pedali za kila kipimo. Kumbe yule wa kwanza ana ushauri wa mhariri, wa pili ana agizo la mtunzi. Na hata hapo, mswada uliopo Bonn umepoteza karatasi yake ya kwanza, kwa hiyo vipimo vile vya mwanzo vinavyojulikana dunia nzima tunavijua kupitia toleo la kwanza lililochapishwa.

Kama unapakua bure kwenye intaneti angalia jina la mhariri na mwaka kabla hujaprinti, maana yanayopatikana bure mara nyingi ni yale ambayo hakimiliki imeisha, yaani ya zamani, yenye mikono mingi ya watu. Sisemi uyatupe. Mimi nafanyia mazoezi Urtext, na pembeni naweka toleo la mpiga piano Schnabel la miaka ya 1920 nisikie mtu mzima aliyeishi na hizi sonata anavyofikiri.

Na usidhani mambo haya yamefungwa. Sonata ya Mozart ya A, K. 331 (namba yake kwenye orodha ya kazi za Mozart), ile yenye mwendo wa Kituruki mwishoni, watu waliipiga zaidi ya miaka 200 wakitegemea zaidi toleo la 1784, mswada ulishapotea ukabaki ukurasa wa mwisho tu. Mwaka 2014 Balázs Mikusi, aliyekuwa anafanya kazi maktaba ya taifa ya Budapest, akafungua karatasi zisizokuwa na jina akautambua mwandiko wa Mozart, kurasa nne za sonata hiyo hiyo. Zilipolinganishwa na vitabu, kuna mahali nota hazikufanana.