Maelezo uliyoandika si lazima ndiyo Google itakayoonyesha

Wenye tovuti wengi wanaamini kwamba maelezo mafupi waliyoyaweka kwenye msimbo wa ukurasa (meta description) yatatokea yalivyo kwenye matokeo ya utafutaji, mradi yasizidi herufi 160. Sivyo. Google haijaweka ukomo huo. Hukata maandishi kulingana na upana wa skrini. Mara nyingi huyaacha kabisa, ikachota ndani ya ukurasa sentensi zinazoendana na maneno yaliyotafutwa. Ndiyo maana ukurasa uleule huweza kuonekana na maelezo tofauti kwa watu wawili.

Kichwa kilichoandikwa kwenye msimbo (title) kina bahati zaidi. Mfumo wa Google ulioanza Agosti 2021 hukibadilisha kikiwa kitupu, kirefu mno, kimejazwa maneno yaleyale, au kimerudiwa kurasa zote ("Karibu" ni ugonjwa wa kawaida). Hapo huchukuliwa kichwa kikubwa kinachoonekana ukurasani, au maneno ya viungo vinavyoelekeza huko.

Kwa hiyo kipe kila ukurasa kichwa chake, kisichopingana na kile kikubwa cha juu. Aya usiyotaka inukuliwe izungushie span, div au section yenye data-nosnippet (alama ya msimbo inayoizuia Google kuinukuu), kisha omba ukurasa usomwe upya kupitia Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti. Subiri siku kadhaa, pengine wiki. Orodha ya maneno muhimu kwenye msimbo (meta keywords) iache: Google ilitangaza tangu Septemba 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo.