Achari ya tango haikaushi damu

"Tango la siki ni la baga na shawarma tu."
Kweli, huko ndiko wengi wa Dar tulikolionjea. Ila kazi yake ni ile ile ya kachumbari: kukata mafuta mdomoni. Weka vipande vitatu vinne juu ya zege, yaani chipsi mayai, lililotoka jikoni sasa hivi, mafuta bado yanang'aa kwenye chipsi, uone kama hutaomba vingine. Kwa mihogo ya Coco Beach chachandu haina mpinzani, na pilau mimi nailia kachumbari mbichi.

"Linakata na mafuta ya kitambi."
Mdomoni, nimesema.

"Vitu vichachu vinakausha damu."
Hii ndiyo kongwe kuliko zote, na mabinti ndio wanaotishwa nayo zaidi. Damu hupungua kwa kukosa madini ya chuma, kwa malaria, kwa minyoo, kwa kutokwa na damu nyingi hedhini. Siki haimo kwenye orodha hiyo. Tena ndimu, inayosingiziwa pamoja nayo, ina vitamini C inayousaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mchicha. Kamulia bila hofu.

"Linaleta vidonda vya tumbo."
Vidonda vingi huletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, au na dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofen zikitumika ovyo. Mwenye vidonda tayari anaweza kuungulika akila vichachu, huyo aache.

"Ni mboga tu, kula utakavyo."
Hapa sasa ndipo pa kuogopa, na hapaogopwi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Tango moja la kati la kwenye chupa linaweza kubeba zaidi ya gramu moja, na chipsi zenyewe zimeshanyunyiziwa. Mwenye presha ale vipande, asile tango zima.

"Lote lina bakteria wazuri."
Lenye bakteria hao ni lile lililochachuka lenyewe kwenye maji ya chumvi, kama maziwa mgando yanavyojigandisha. La siki halichachuki, na la dukani mara nyingi limeshapashwa moto, bakteria wamekufa. Ukitaka kuchachusha nyumbani, joto la Dar litakukimbiza: kwenye nyuzi 30 tango huwahi kuchachuka na kulegea. Kata kipande chembamba upande lilipokuwa ua, maana ndiko viliko vimeng'enya vinavyolilainisha. Tumia chupa ya kioo. Sufuria ya alumini huliwa na siki na chumvi. Na lile la haraka la siki, maji na sukari, lililokatwa asubuhi likaliwa jioni, makazi yake ni friji, siyo kabatini, hata kama jirani anasema siki haiozi.