Makaa ya mawe, gesi asilia na mkataba wa miaka 25

Mjadala wa makaa ya mawe nchini Kenya huhusu zaidi moshi wake, na ni haki, kwa kuwa mtambo wa makaa hutoa takribani kilo moja ya hewa ya ukaa kwa kila yuniti ya umeme, zaidi ya maradufu ya kiasi kinachotolewa na mtambo wa kisasa wa gesi asilia. Hata hivyo, mkazi wa Nairobi anayenunua tokeni kila wiki ana swali jingine: umeme huo utanunuliwa kwa mkataba wa aina gani, na usipohitajika nani ataulipia?

Mwaka 2013 Serikali ilitangaza mpango wa kuongeza megawati 5,000 katika gridi ndani ya miezi 40, wakati ambapo kilele cha matumizi ya nchi nzima kilikuwa chini ya megawati 1,500. Mpango huo ulijumuisha mtambo wa makaa ya mawe Lamu, ambao baadaye ulikadiriwa kuwa wa megawati 1,050, pamoja na mtambo wa gesi Dongo Kundu, Mombasa. Waliofanya makadirio walihesabu viwanda vipya, mji wa teknolojia wa Konza na reli ya umeme kana kwamba vyote vingekamilika kwa wakati. Zaidi ya mwongo mmoja umepita, na kilele hicho hakijafika hata megawati 3,000.

Mkataba wa Lamu ulikuwa wa miaka 25. Mikataba ya namna hiyo huwa na malipo ya uwezo, yaani fedha anazolipwa mwenye mtambo kwa kuuweka tayari, uzalishe au usizalishe, na mara nyingi malipo hayo huhesabiwa kwa dola. Ni sawa na kukodi gari kwa mwaka mzima na kulilipia hata siku linapolala uani. Isitoshe, makaa yenyewe yangeanza kwa kuagizwa Afrika Kusini, huku yale ya bonde la Mui, Kitui, yakiwa bado ardhini. Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya mradi huo, hasa kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kwa maoni yangu, uamuzi ule uliwaepushia mzigo hata wateja ambao hawajawahi kukanyaga Lamu.

Gesi inahitaji kupimwa kwa namna tofauti, na hapa saa za siku zina uzito kuliko jumla ya megawati. Mvuke wa joto la ardhini wa Olkaria huzalisha umeme usiku na mchana. Upepo wa Turkana, wenye mitambo ya megawati 310, huvuma kwa nguvu usiku, watu wanapokuwa wamelala, hivyo kuna nyakati ambapo sehemu ya umeme huo hukataliwa na mvuke huachwa upotee hewani. Upungufu wetu huja jioni, jua likishatua na kila nyumba ikiwa imewasha taa, televisheni na pasi. Ndipo mitambo ya mafuta mazito ya Pwani huwashwa, na gharama yake humfikia mteja kupitia tozo ya mafuta. Tanuri la makaa lililopoa huchukua saa nyingi kabla ya kuzalisha umeme, ilhali baadhi ya mitambo ya gesi huwaka kwa dakika chache. Makaa, basi, yangetuongezea umeme wa usiku wa manane, ambao tayari tunao.

Jirani yetu Tanzania amezalisha umeme kwa gesi ya kisiwa cha Songo Songo tangu 2004, na bomba la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilikamilika 2015. Mei 2021 nchi hizi mbili zilitia saini makubaliano kuhusu bomba la gesi kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa. Naliunga mkono wazo hilo kwa sharti moja: gesi ichukue nafasi ya mafuta mazito, isiwe kisingizio cha kujenga mitambo ya kuwaka kutwa kucha. Bomba nalo hujengwa kwa mkopo, na mkopeshaji atataka Kenya iahidi kununua kiasi maalumu cha gesi kila mwaka. Ahadi hiyo ikizidi mahitaji ya jioni, tutakuwa tumerudi kwenye mtego wa Lamu. Tena methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, ikivuja kabla ya kuunguzwa hupasha joto angahewa takribani mara 80 kuliko hewa ya ukaa katika kipindi cha miaka 20, kwa hiyo bomba bovu linaweza kufuta faida yote.

Mahali ambapo makaa ya mawe yatakawia kuondoka ni viwanda vya saruji vya Athi River, ambavyo matanuri yake huhitaji joto la takribani nyuzi 1,450. Umeme bado haujaweza kulitoa joto hilo kwa bei nafuu, na gesi ikifika Mombasa itahitaji bomba jingine la zaidi ya kilomita 400 kufika huko. Linalowezekana sasa ni kupunguza klinka, yaani mawe ya chokaa yaliyochomwa tanurini na kusagwa, katika saruji kwa kuchanganya majivu ya volkano, ambayo Bonde la Ufa linayo kwa wingi, na kuunguza taka za mashambani badala ya sehemu ya makaa yanayoagizwa kutoka nje.