Swali la "mtu msumbufu kazini": mengi tunayoambiana kabla ya intavyuu sio kweli

Majina ya walioitwa kwenye usaili yakitoka tu, iwe Ajira Portal, benki au NGO, magrupu ya WhatsApp yanajaa ushauri, na swali linaloshauriwa vibaya kuliko yote ni hili: tuambie uliwahi kufanya kazi na mtu msumbufu, ulifanyaje? Watu wenye vyeti vizuri wanaanguka hapo na inaniuma sana maana jibu wanalo, ila wameambiwa walifiche.

DHANA: Sema hujawahi kukwaruzana na mtu, wewe unaelewana na kila mtu.

UKWELI: Hii ndo mbaya kuliko zote. Kwenye usaili uliopangwa vizuri maswali ni yaleyale kwa kila msailiwa na kila mjumbe wa paneli ana karatasi ya alama mbele yake, anatafuta tukio na ulichofanya wewe. Ukisema sijawahi, hana cha kukupa alama hata kama amekupenda. Na hawakukomoi, kuna sababu. Mwaka 1998 watafiti wawili, Schmidt na Hunter, walipitia tafiti za miaka 85 kuhusu namna ya kuchagua wafanyakazi wakakuta usaili wa maswali yaliyopangwa unatabiri utendaji kazini vizuri kuliko ule wa kupiga stori tu, na hata hesabu zilipopigwa upya na mtafiti Sackett na wenzake mwaka 2022 usaili wa maswali yaliyopangwa ulikuwa juu kabisa.

DHANA: Swali linamhusu yule msumbufu, kwahiyo eleza alivyokuwa na roho mbaya.

UKWELI: Hapana, swali linakuhusu wewe. Yeye hayupo pale kujitetea na paneli haina njia ya kujua nani alianza, kinachoonekana ni namna unavyomsema mtu asiyekuwepo. Ndo maana nasema acha kabisa maneno kama mkorofi, ana wivu, ana dharau, taja kitendo. Chukua mfano wa mtu wa hesabu kwenye ghala. Akisema "mtu wa stoo alikuwa mkorofi hataki kunipa ushirikiano" hajasema kitu. Ila akisema "ripoti ya stoo nilikuwa naipata saa kumi jioni na mimi natakiwa nifunge hesabu saa kumi na moja, nikikumbushia ananijibu kwa ukali mbele ya watu" hapo kila mtu kaelewa tatizo na hakuna aliyetukanwa. Halafu aendelee: nikamfuata pembeni asubuhi kabla mizigo haijaingia nikamuuliza kinachomkwamisha ni nini, kumbe mchana anapokea magari peke yake, tukakubaliana ya asubuhi anipe saa sita na inayobaki anipe jioni, tangu hapo hesabu zikawa zinafungwa kwa wakati. Ukali wake labda haukuisha, na ni sawa kusema hivyo! Wengi wanadhani lazima stori iishie mmekuwa marafiki mnakula chakula cha mchana pamoja, wakati paneli inataka kujua kazi ilikwenda au haikwenda.

DHANA: Ukisema ulimfikishia bosi utaonekana mchongezi.

UKWELI: Inategemea ulianzia wapi. Ukiongea kwanza na mwenyewe, ikashindikana, ukaenda kwa msimamizi na maelezo ya kazi iliyokwama, hiyo ni njia sahihi na useme bila woga. Na kuna mambo hayatakiwi kuitwa usumbufu kabisa. Mtu anayekushikashika, anayekutaka kimapenzi kwa lazima au anayekunyanyasa kwa kabila au dini yako huyo sio "mtu mgumu", Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu unyanyasaji wa namna hiyo kuwa ni ubaguzi, na dada zangu hapa naomba mnisikie, sio lazima muutoe mkasa kama huo mbele ya watu msiowajua ili mpate kazi. Chagua tukio lingine.

DHANA: Kama hujawahi kuajiriwa huna cha kujibu.

UKWELI: Unacho. Fildi, kujitolea, JKT, kikundi cha asaimenti chuoni ambapo mmoja hafanyi kitu halafu jina anataka liwepo. Ila sikiliza swali, wakisema mfanyakazi mwenzako usiwape stori ya mteja.

DHANA: Kariri STAR utapita.

UKWELI: STAR ni mpangilio mzuri kweli, hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa lipi, ulichukua hatua gani, matokeo yakawa nini. Shida watu wanamaliza dakika mbili kwenye hali, wanafika kwenye hatua wamebakiza sentensi moja, tena wanasema "tulikaa tukaongea". Nani aliongea, alisema nini, mwenzake alijibuje? Paneli itauliza hayohayo, na aliyekariri stori ya kudanlodi anakwama hapo kwa sababu haikumtokea yeye.

Halafu kuna swali la "ungefanyaje kama", ambalo watu wanalichanganya na "uliwahi". La kwanza linataka hatua utakazochukua kwa mpangilio, la pili linataka tukio la kweli. Ukiulizwa uliwahi ukajibu ningefanya, wanaona umekwepa. Na mara nyingi baada ya stori yako wanaongeza: leo ungefanya nini tofauti? Jiandae na hilo, kitu kimoja tu chenye uhakika, mfano kwamba ungemfuata mapema wiki ya kwanza badala ya kuvumilia mwezi mzima.