Nani anamlea mlezi? Wanawake wa jamii za asili katika saikolojia

Mwaka 1973 Ross Speck na Carolyn Attneave walichapisha kitabu chao Family Networks. Tiba wanayoieleza humo, Mswahili akiisoma harakaharaka atadhani ni kikao cha harusi. Familia yenye mtu aliyezidiwa inaita ndugu, majirani, marafiki na wenzake wa kazini, watu 40 au zaidi, wanabanana sebuleni, na wataalamu wachache wanawaongoza ili mzigo ushikwe na mikono mingi. Kwanza watu wanarudishiwa ile hali ya kujiona ukoo mmoja. Kisha mabishano yanapamba moto, watu wanagawanyika makundi, baadhi wanasimama na kuanza kufanya jambo, halafu kinakuja kipindi cha kukata tamaa. Wasiokimbia hapo ndio wanaouona mlango ukifunguka.

Attneave alikuwa na asili ya Walenape, ambao vitabu vingi huwaita Wadelaware, kwa upande wa mama yake. Alipata shahada ya uzamivu Stanford mwaka 1952. Kabla ya kwenda Philadelphia, alikokutana na Speck, alifanya kazi Oklahoma katikati ya jamii za Wamarekani wa asili, na huko hakuna aliyehitaji kufundishwa kwamba mgonjwa ana watu wake.

Wanafunzi wa tiba ya familia wanamjua kwa hilo. Mimi namheshimu zaidi kwa jambo dogo alilolifanya mwanzoni mwa miaka ya 1970 akiwa Boston: alianzisha kijarida cha kuwaunganisha wanasaikolojia wa asili, kikiitwa Network of Indian Psychologists. Wakati huo ungeweza kukuta mmoja katika chuo hiki, mwingine kwenye kliniki ya serikali jimbo la mbali, kila mtu akidhani yuko peke yake. Attneave aliitibu taaluma yake kwa dawa ileile aliyoitumia kwa familia: aliwakusanya watu wajuane. Kijarida kile ndicho kilichokua kikawa Society of Indian Psychologists, SIP kwa kifupi, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikikutana mjini Logan, jimbo la Utah.

Nijitambulishe kwa wasomaji wapya. Mimi ni mwanasaikolojia wa ushauri, mwenyeji wa pwani ya Kenya, na kazi yangu ni Minneapolis, Marekani. Wateja wangu wengi ni familia za Wakenya na Wakongo. Mimi si wa jamii za asili za huku, kwa hiyo siandiki kama msemaji wao. Naandika kama mtu aliyelelewa kitaaluma na mmoja wao: msimamizi wangu wa mafunzo kwa vitendo alikuwa mwanamke wa Kiojibwe. Nilimwita kwa jina lake la kwanza kama wafanyavyo huku, ingawa kila mara ulimi wangu ulitaka kumwita Mama.

Kuna siku nilimpelekea jambo ambalo sikulipata katika kitabu chochote nilichosomeshwa. Mteja wangu alikuwa amefiwa na baba yake Kenya, na jamaa walikuwa wanachanga fedha za safari ya mazishi. Orodha ya mchango ilikuwa kwenye kundi la WhatsApp ambalo na mimi nimo, kwa sababu Wakenya wa mji huu tumo humo karibu sote. Kila anayetoa anaandikwa jina na kiasi. Nikitoa, nimevuka mpaka kati ya mtaalamu na mteja. Nisipotoa, jina langu halipo, na watu watauliza huyu ni mtu wa namna gani. Nilitaraji msimamizi wangu anisomee kifungu cha maadili. Badala yake akaniuliza nani ataiona orodha, nani anajua kwamba huyu ni mteja wangu, na je, mteja mwenyewe angependa nisimame wapi. Mwisho akasema, "Muulize yeye kabla hujafanya lolote. Kisha andika kwenye faili mlichokubaliana na kwa nini."

Halafu akanieleza kwamba yeye, katika eneo la kabila lake, ni mwanasaikolojia, ni binamu wa nusu ya wateja, na hukaa kwenye kamati moja na shangazi zao. Angetaka kutenganisha hayo yote ingebidi ahame.

Baadaye niligundua kwamba maneno yake yana mizizi mirefu. Mwaka 2014 SIP ilitoa ufafanuzi wake juu ya kanuni za maadili za American Psychological Association, APA, yaani chama kikuu cha wanasaikolojia wa Marekani, ukihaririwa na wanawake wawili, Melinda García na Melissa Tehee. Ndani yake wanachama wanapita kanuni moja moja wakieleza inavyoonekana ukiwa unafanya kazi kwenye jamii ndogo ambamo kila mtu ni ndugu wa mtu: zawadi, uhusiano wa zaidi ya aina moja, nani hasa anatoa ridhaa ya utafiti, mtu binafsi au kabila lake. Hawasemi kanuni zitupwe. Wanaonyesha kwamba ziliandikwa na watu waliomfikiria mtaalamu anayeishi mji mkubwa, asiyekutana na mteja dukani. Kwa anayewahudumia Waswahili ughaibuni, ufafanuzi ule una manufaa kuliko semina nyingi nilizolipia.

Sasa nije kwenye malezi yenyewe. Kwa nini mwanamke wa jamii za asili anahitaji mlezi wa kitaaluma kuliko mwanafunzi mwingine? Jibu rahisi ni uchache. Nchini Marekani na Australia, watu wa jamii za asili hawafiki hata asilimia 1 ya wanasaikolojia. Uchache hauelezi yote, hata hivyo. Kuna historia ya taaluma yenyewe. Hadi mwaka 1978, bunge la Marekani, Congress, lilipopitisha sheria ya kulinda watoto wa jamii za asili, kati ya robo na theluthi ya watoto hao Marekani walikuwa wametenganishwa na familia zao, na tathmini za wataalamu zilikuwa sehemu ya mashine hiyo. Australia nako watoto wa Kiaborijini walichukuliwa kwa miongo mingi. Msichana akimwambia bibi yake kwamba anasomea saikolojia, bibi anaweza kusikia jina la watu waliokuja na faili na kuondoka na mtoto. Mlezi ambaye hajui hilo atashangaa kwa nini mwanafunzi hodari anataka kuacha mwaka wa pili, na atamwandikia kwamba hana ari.

Mlezi anayejua anafanya kazi tofauti kabisa. Carolyn Barcus, mwanamke wa kabila la Blackfeet, aliongoza kwa miaka mingi mradi wa kuwasaidia wanafunzi wa asili katika saikolojia pale Utah State University. Mradi huo baadaye ulishikwa na Tehee, yule mhariri niliyemtaja, Mcherokee mwenye uzamivu wa saikolojia na shahada ya sheria. Upande wa North Dakota kuna mpango wa Indians into Psychology uliopewa jina la Seneta Quentin Burdick, wenye msingi katika sheria ya mwaka 1992 na fedha kutoka idara ya afya ya Wamarekani wa asili. Napenda mipango ya namna hii kwa sababu moja isiyo na mahaba: ina fungu kwenye bajeti. Malezi yanayotegemea moyo wa mtu mmoja hufa siku anapostaafu au anapougua.

Na mara nyingi yanategemea moyo wa mtu mmoja, naye ni mwanamke. Chuo kikiajiri profesa mmoja wa asili, kila mwanafunzi wa asili, hata wa uhandisi, anaelekezwa ofisini kwake. Kila kamati ya usawa inamtaka. Kabila lake linamtaka kwenye bodi ya kupitia tafiti. Msiba ukitokea anasafiri siku nzima kwa gari. Kisha unafika wakati wa kupandishwa cheo, na fomu inauliza makala ngapi, kwenye majarida gani, jina lake likiwa la ngapi.

Chukua mfano wa Teresa LaFromboise wa Stanford, mwenye asili ya Wamiami (kabila, si ule mji wa Florida). Jamii ya Zuni ya New Mexico ilikuwa imesumbuliwa na vifo vya vijana waliojiua, ikataka jambo lifanyike shuleni. Akatengeneza nao mtaala wa stadi za maisha, wakikaa na wazee na walimu, wakibishana nini kinafaa kusemwa darasani na nini hakifai. Tathmini yake ilichapishwa mwaka 1995, na mtaala kwa ajili ya jamii nyingine ukatoka mwaka 1996. Kazi iliyoanza miaka ya 1980! LaFromboise aliivumilia na ikamjengea jina. Lakini mwanamke kijana mwenye mkataba wa muda, anayetakiwa kuonyesha matokeo kila mwaka, atashauriwa na wenzake wenye nia njema aachane na Zuni, atoe dodoso kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, achapishe.

Hapa ndipo neno kutambuliwa linapopata uzito. Simaanishi picha na ngao ya kioo. Ndani ya APA, kitengo cha saikolojia ya wanawake, Division 35, kina tawi la wanawake wa asili, wakiwemo wenyeji wa Alaska, na watu wa nje huwa wanaliona kama jambo la heshima tu. Faida yake ni ya kikazi. Ofisa wa tawi anaweza kuandika kwenye wasifu wake kwamba aliongoza chombo cha kitaifa, anakutana na watu watakaomwandikia barua ya mapendekezo, na mwanafunzi wake anapata pa kuwasilisha utafiti bila kulazimika kutumia nusu ya muda akieleza kabila lake liko wapi. Wasiwasi wangu ni kwamba tawi la watu wachache huwageuza haohao wachache kuwa mwenyekiti, katibu na mweka hazina kwa zamu, na tunarudi kwenye uchovu uleule.

Kutambuliwa na watu wako nako kuna umbo lake. Kwa Walakota na Wadakota, anayeheshimiwa anaweza kufunikwa mabegani kwa mfarishi wenye nyota kubwa iliyoshonwa kwa vipande vya vitambaa. Nimeona msomi mzima akilia chini ya mfarishi huo, wakati barua ya mkuu wa chuo aliisoma bila kupepesa.

Australia wana mambo ya kutuonyesha. Pat Dudgeon, mwanamke wa Wabardi kutoka Kimberley, anatambuliwa kuwa Mwaborijini wa kwanza kuhitimu saikolojia nchini humo, naye ni miongoni mwa waasisi wa chama cha wanasaikolojia wa asili kilichoanza mwaka 2008. Tracy Westerman, Mnyamal aliyekulia Tom Price, mji wa migodi ya chuma huko Pilbara, alianzisha shirika lake la huduma mwaka 1998 na kutengeneza vipimo vya afya ya akili kwa ajili ya vijana wa Kiaborijini, maana vilivyokuwepo vilipima kitu kingine kabisa. Mwaka 2018 akatunukiwa heshima ya mtu wa mwaka wa jimbo la Australia Magharibi. Alichofanya na jina hilo ndicho kinachonivutia: mwaka uliofuata alianzisha ufadhili wa masomo kwa wanafunzi wa asili wanaosoma saikolojia, akianza kwa kutia fedha zake mwenyewe. Mtu anaweza kusema hiyo ni aibu kwa serikali, na sitabishana naye.

New Zealand wamekwenda njia mbili kwa wakati mmoja. Linda Waimarie Nikora aliongoza kitengo cha utafiti wa saikolojia na Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, katika University of Waikato, ambako mwanafunzi wa Kimaori aliweza kufanya utafiti wa uzamivu juu ya misiba ya kwao, tangihanga, bila mtu kumwambia hiyo ni anthropolojia. Michelle Levy naye alichoka kuandika ripoti zilezile kuhusu mafunzo yasiyowafaa Wamaori, akapeleka dai mbele ya Waitangi Tribunal, chombo kinachosikiliza malalamiko dhidi ya serikali chini ya mkataba wa mwaka 1840. Wenzetu wengi wangeona ni ukali. Mimi naona mwanamke aliyeamua kwamba kuwalea wanafunzi mmoja mmoja ndani ya mfumo uleule ni kuteka maji kwa pakacha.

Vyama vikuu vya wanasaikolojia vimeomba radhi. Cha Australia kilifanya hivyo mwaka 2016, na APA ikaomba radhi kwa watu wa asili wa Marekani mwaka 2023. Nimezisoma zote mbili. Zimeandikwa vizuri. Ila fomu za kupandisha cheo ninazoziona bado zinauliza maswali yaleyale.

Kwa hiyo mimi, kwa nafasi yangu ndogo, nimebadilisha namna ninavyoandika barua za kuwaunga mkono wenzangu, wawe wa asili ya huku au dada zangu wa Kiafrika wanaolea nusu ya wanafunzi wa jimbo bila malipo. Siandiki tena kwamba "anajitolea sana". Naandika idadi ya wanafunzi aliowasimamia hadi wakahitimu, saa za usimamizi kwa mwezi, tafiti alizozipitia kwa niaba ya jamii yake, na safari alizofanya kwenda kuomba ridhaa ya wazee kabla ya kukusanya takwimu. Natumia lugha ya fomu, kwa sababu kamati husoma fomu. Ukitaka kuandikiwa barua na mimi, niletee hizo hesabu mapema, nami nitamwomba mkuu wa idara yako aeleze kwa maandishi kama zimehesabiwa au hazikuhesabiwa.