Mke wa sultani wa Uturuki hakuwa pambo la kasri

Ukitaja harimu, yaani sehemu ya kasri walimoishi wanawake wa sultani, wengi huwaza wanawake waliojilaza kwenye mito ya hariri wakingoja kuitwa na sultani. Picha hiyo imetokana sana na wachoraji wa Ulaya, wanaume ambao hawakuruhusiwa kuingia humo.

Katika kasri la Topkapı, Istanbul, wanawake wengi walikuwa wajakazi wenye kazi zao na posho ya kila siku, na wengi wao hawakuwahi kulala na sultani. Mwenye sauti kuu humo alikuwa mama yake sultani.

Mtazame Hürrem. Aliletwa akiwa mateka kutoka sehemu ambayo leo ni Ukraine. Hakuchagua kuja, na hilo lisifichwe. Akawa suria wa Sultani Süleyman, na yapata mwaka 1534 sultani akamuoa kwa ndoa halali. Watu walishangaa mno, kwani masultani walikuwa hawaoi masuria wao.

Posho yake ilifika akçe 2,000 (sarafu ndogo za fedha) kwa siku, na fedha zake zilionekana zilipokwenda. Istanbul alijenga msikiti, madrasa, hospitali na jiko la kulisha maskini, majengo yaliyosanifiwa na Sinan, msanifu majengo wa sultani. Yerusalemu nako aliweka wakfu jiko jingine, na watu wakala mkate na supu yake kwa karne nyingi baada ya yeye kufariki mwaka 1558.

Siasa pia aliijua. Alimwandikia Sigismund II, mfalme wa Poland, kumpongeza kwa kushika kiti, na barua ya pili akaisindikiza na zawadi za nguo, leso na taulo.